Siku kumi za kungoja nzi

Jana jioni mtoto kaniita jikoni, mama njoo uone, vinzi vimejaa kwenye bogoya. Nikachukua sahani nikatupe, ile harufu ya ndizi iliyoanza kuchacha ikaniingia puani nikasimama palepale. Nikajiona niko Walukuba, Jinja, 2020.

Shule zimefungwa tangu Machi, boda hazibebi abiria, mdogo wangu ana miaka tisa na hana wa kucheza naye. Alikuwa ameokota kijiti chini ya mwembe, kina kitu kama povu lililokauka, akakitia kwenye chupa. Asubuhi moja tukakuta vunjajungu wadogo kama sisimizi wananing'inia humo, tukahesabu mpaka hamsini tukapotea. Baada ya siku mbili wakaanza kulana.

Nilikuwa bado na kitabu changu cha bayoloji cha S.6, yaani kidato cha sita, na mle ndani yumo Morgan, mwanasayansi wa New York aliyefuga nzi wa matunda kwenye chupa za maziwa, chakula chao ndizi. Basi nikaponda bogoya mbili nikafunika, nipate nzi wa kuwalisha vunjajungu. Siku ya nne juu kote ukungu wa kijani, nikamwaga. Mara ya pili nikapika, unga wa posho vijiko vinne, maji kikombe, sukari, bogoya moja, nikakoroga mpaka ukawa uji mzito, nikaepua nikatia siki vijiko viwili maana ukungu hauipendi, nikangoja upoe kabisa ndo nikanyunyiza hamira juu, ukiiweka kwenye moto inakufa, na mabuu wanakula hamira hasa, ndizi ni ya kuwaita tu. Nikachomeka karatasi iliyokunjwakunjwa wapate pa kupandia. Chupa ikashinda wazi chini ya mfenesi, nzi wakaingia wenyewe, nikafunga kwa kipande cha leso na mpira.

Kumbe toka yai mpaka nzi ni kama siku kumi. Tukawa tunawakamatia vidukari kwenye maharage ya jirani, havitoshi, na kila asubuhi mdogo wangu anahesabu vunjajungu waliobaki kwa sauti. Thelathini na moja. Kumi na tisa. Kumi na mbili.

Ramadhani ikawa imeingia. Tumeamka kula daku, yeye kachukua tochi kwenda kuangalia, nikasikia "Dada! Dada, wametoka!" Kwenye karatasi vile vijumba vya kahawia vimepasuka, na nzi wamekaa kando yake, weupeweupe, mabawa bado yamejikunja kama nguo mbichi. Tukangoja wakauke. Tukawagongea wachache upande wa vunjajungu, walikuwa wamebaki sita. Mmoja akageuza kichwa, akayumba kushoto kulia kama jani, na sikuona mikono ikitoka, niliona tu nzi yuko mikononi, kamshika hivi mtu anavyoshika muhindi wa kuchoma, akaanzia kichwani. Tulikaa kimya na tochi mpaka bawa moja likadondoka chini. Adhana ikatukuta hatujamaliza chai.

Halafu akaniuliza, dada, tungepika mapema wangebaki wote? Nikamwambia hata huko nje wanalana. Ni kweli, lakini mpaka leo sijui kama hilo ndo alilokuwa ananiuliza.

Sahani nimeirudisha mezani. Usiku nikamtumia mdogo wangu picha, sasa ana kumi na tano yuko bweni ila wako likizo, akajibu fasta: "Dada, siki usisahau."