Land Rover ikikutana na Land Rover lazima salamu ipite

Kama umewahi kupanda Land Rover ya mtu hapa Arusha utakuwa umeshaona hiki kitu. Mnaenda zenu mnapiga stori, mara dereva ananyanyua mkono, au vidole viwili tu bila kuachia usukani, Land Rover inayokuja mbele nayo inajibu, halafu kila mtu anaendelea na safari yake. Ukimuuliza yule ni nani anakwambia simjui. Na hamjui kweli. Wife wangu mwanzoni alikuwa anadhani najuana na nusu ya mkoa.

Leo nataka niiongelee hii salamu kwa sababu nimesikia watu wakisema ni mambo ya kujionyesha, kwamba wenye Land Rover wanajiona wana chama chao. Mimi hiyo naikataa kabisa. Hii salamu ilianzia kwa watu wanaojua kwamba muda wowote mmoja atakwama na mwingine ndo atakuwa msaada wake pekee, na kwa barabara zetu za huku hilo bado ni kweli mpaka leo.

Kwanza inavyofanyika, maana ina utaratibu wake japo hakuna aliyeuandika. Barabara za Tanzania taa zina maneno mengi. Basi au fuso linalokuja upande wa pili likikumulika mara mbili tatu haraka haraka ujue mbele kuna trafiki na tochi, shuka hamsini kabla hujaingia kijijini. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia dereva anakwambia usipite kuna gari inakuja, akiwasha ya kushoto anakwambia pita kweupe. Sasa na sisi tukianza kumulikana hovyo tutachanganya watu, mtu atakanyaga breki akijua ni tochi kumbe unamsalimia tu. Kwa hiyo wazoefu hawapigi taa nyingi, ni moja tu, ndefu kidogo, halafu mkono. Mkono ndo salamu yenyewe, taa ni ya kumshtua mwenzio akuangalie. Honi mimi siipendi, labda mjini kwenye foleni mkiwa mmekaribiana. Usiku hakuna salamu, huwezi kujua nani anakuja, na kumpiga mtu full machoni ili umsalimie ni hatari tupu.

Halafu kuna jambo moja ambalo asiyeendesha hii gari hawezi kulijua. Kwenye zile Land Rover za umbo la zamani, kiti cha dereva kimesukumwa kabisa mlangoni, ukifunga kioo kiwiko chako hakina pa kwenda, kinagonga mlango kila ukikata kona. Basi kila dereva anashusha kioo na kutoa kiwiko nje, iwe vumbi iwe baridi ya Karatu asubuhi. Yaani mkono tayari uko nje muda wote, kusalimia ni kunyoosha vidole tu! Na mwendo wetu unajulikana, hasa ukiwa na mzigo, sio wa kukimbizana na Coaster, hivyo unapata nafasi ya kuiona sura ya mtu na yeye kuiona yako.

Kuitambua kutoka mbali sio kazi. Uso bapa, vioo vya mbele vimesimama wima, kona kona kama kreti la soda. Zile 109 za zamani zaidi (Land Rover ndefu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma) taa zake zimekaa katikati kwenye grili, zimesogeleana, ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ndo wakazihamishia pembeni kwenye madigadi. Mimi nikiona macho yamekaribiana hivyo mkono unatoka mapema kabisa, maana najua inayokuja ni gari ya zaidi ya miaka hamsini na bado inafanya kazi, na aliyeko ndani mara nyingi ni mzee wa heshima zake. Huyo hata kama hanioni namwamkia. Shikamoo ya barabarani ni kuanza wewe mdogo, ndivyo nilivyofundishwa na madereva wa huku na nadhani ni sahihi.

Sasa kwa nini gari hii na sio nyingine. Ukiangalia ilikotoka unaanza kuelewa. Ni baada ya vita ya pili, Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni ya Rover kule Uingereza, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey na alikuwa akitumia Jeep iliyobaki jeshini, akawaza watengeneze ya kwao ya mkulima. Ikaonyeshwa rasmi kwenye maonyesho ya magari Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa cha mgao wakati ule kwa hiyo bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu, ndo maana mpaka leo unakuta bodi haina kutu hata kidogo huku chesisi chini imekwisha inasubiri kuchomelewa. Gari ya shamba, basi. Haikutengenezwa impendeze mtu.

Huku kwetu ilikuja na watu wa kazi: serikali, polisi, wamisheni, mabwana mifugo, watu wa hifadhi. Zikichoka zinapigwa mnada, zinanunuliwa na watu wa kawaida, fundi anazifufua na zinaanza maisha mapya kubeba abiria na mizigo ambako basi haliwezi kufika. Nenda Monduli, Longido, Simanjiro siku ya mnada uone. Land Rover moja ina watu ndani, watu juu, mbuzi, magunia ya mahindi, madumu ya mafuta ya kula, na bado inapanda korongo. Madereva wa hizo gari ndo walimu wa hii salamu. Wao wanasalimiana kwa sababu huko mtandao wa simu unapotea, gari inayofuata inaweza kupita kesho, na ukimpita mwenzio bila hata kumwangalia utajuaje kama yuko salama? Nimeona mara nyingi, anayesalimiwa asipojibu yule mwingine anapunguza mwendo na kuangalia kwenye kioo. Anahisi kuna tatizo. Hicho ndo ninachokipenda kuliko vyote kwenye hili jambo, kwamba salamu inafanya kazi ya kumjulia mtu hali.

Nina ushahidi wangu. Gari yangu ni 110, ile iliyokuja baada ya 109, ya injini ya dizeli ya 300Tdi, na nilikuwa sijakaa nayo sana tukawa tunarudi kutoka Engaresero kule Ziwa Natron, mimi na mdogo wangu. Kati ya Engaruka na Selela gari ikagoma kwenda. Injini inaunguruma vizuri, gia inaingia, naachia klachi, haijongei. Tumekaa pale jua linawaka, hakuna mti, hakuna network. Ikaja 109 imejaa watu, nikanyanyua mkono, na huo mkono haukuwa wa kuomba msaada, ulikuwa ile salamu ya kawaida tu maana ndo mkono ulivyozoea. Mzee akajibu mkono wake na hapo hapo akawa ameshakanyaga breki. Hakuniuliza mimi ni nani, aliniuliza, "Inavuta mbele au haivuti kabisa?" Akashuka, akalala chini ya gari na shati lake safi, akamwambia mdogo wangu aingize gia nikatazama na mimi. Shafti inazunguka, tairi la nyuma limesimama. Meno ya kile kipande cha chuma kinachoshika shafti kwenye habu yalikuwa yameisha.

Wasiojua, hii gari nguvu inakwenda matairi yote manne muda wote, sasa ikipata njia ya kupotelea, kama hapo kwenye habu, yote inakwenda huko na gari inabaki palepale. Mzee akaniambia kijana funga difu loku ya katikati, kile kijiti kidogo kisukume kushoto, utaenda kwa matairi ya mbele, nenda polepole. Nikafanya, gari ikaondoka! Abiria wake wakapiga makofi. Halafu akakaa nyuma yetu njia nzima mpaka Mto wa Mbu, na mizigo yake, na watu wake ambao nina uhakika walikuwa na haraka zao. Kufika pale nikataka kumpa hela ya soda akakataa katakata. "We siku nyingine utasimama kwa mwingine," basi, akaondoka. Nimeshasimama kwa wengine, na nitaendelea kusimama.

Watu wa Land Cruiser watasema na wao wanasalimiana, na ni kweli. Madereva wa utalii kuanzia geti la Lodoare pale Ngorongoro mpaka Seronera ndani ya Serengeti wanasalimiana wote, mkono unanyanyuka kila dakika, wanasimama dirisha kwa dirisha wanaambiana simba kalala wapi na chui kaonekana mti gani. Ila ile ni salamu ya kazi moja, angekuwa na Noah wangemsalimia pia kwa sababu ni mwenzao. Zamani wengi wao walikuwa na Land Rover, sasa hivi Cruiser ndo imeshika soko lote la utalii na sina ugomvi nayo, ni gari nzuri sana. Lakini mwenye Cruiser wa Njiro hamsalimii mwenye Cruiser wa Sakina kwa sababu tu ya gari, sijawahi kuona.

Nje huko wenye kitu kinachofanana sana ni watu wa Jeep Marekani. Wanapungiana mkono, na wengi wao wanasema ilianza kwa askari waliorudi vitani wakawa wakiona Jeep nyingine wanajua ndani kuna mwenzao. Inanifurahisha hiyo kwa sababu Land Rover yenyewe ya majaribio ilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, kwa hiyo ni ndugu wa damu. Kuanzia 2020 wakaongeza jambo jingine, mwanamke mmoja wa Kanada aliweka bata mdogo wa plastiki kwenye Jeep ya mtu asiyemjua kwenye maegesho, picha ikasambaa, sasa hivi ukipita Marekani unaona Jeep ina mabata yamepangwa mbele ya kioo, kila bata kaachwa na mgeni. Mabata sidhani kama huku yatakaa, vumbi letu hilo, ila roho yake naielewa.

Halafu Oktoba 2024 ikaja ile Land Rover Festival hapa Arusha, mkuu wa mkoa wakati huo Paul Makonda alikuwa ameishikia bango, lengo likiwa kuizidi rekodi ya Ujerumani ya msafara wa Land Rover 632 ya mwaka 2018. Aisee. Mji ulijaa. Kuna gari zilikuja ambazo nilidhani zimeshakufa miaka mingi, 109 za bodi ya pikapu, za wagonjwa, nyingine paa limefungwa na waya lakini zinatembea. Salamu siku hizo ilishindikana kabisa, ungesalimia wangapi, watu wakaishia kuwasha taa na kuziacha zinawaka. Ila kilichonigusa ni jinsi watu walivyokuwa wanafungua boneti za gari za watu wasiowajua na kuanza kusaidia. Mtu katoka mkoa mwingine rejeta inavuja, wameshamzunguka watu watano na kila mmoja ana spana yake.

Limebaki swali ambalo naulizwa sana, hizi Defender mpya, yaani Land Rover za umbo jipya, tuzisalimie au tusizisalimie. Zile za umbo la zamani zilikoma kutengenezwa kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na hii mpya ilitoka 2019, inaundwa Slovakia, haina chesisi ya kujitegemea, ina skrini kila mahali. Kuna wazee ninaowaheshimu wanasema hiyo sio Land Rover, ni gari ya maofisa, usiinyanyulie mkono. Mimi siwaungi mkono kwenye hilo. Mwenye gari mpya akikwama Gelai atakwama kama wewe, tena yeye vibaya zaidi maana fundi wa kijijini hana kompyuta ya kuiuliza inaumwa nini. Namsalimia. Vioo vyao vina tinted mara nyingi sioni kama wamejibu, haijalishi.

Na wapo wasiojua tu kwamba kuna salamu. Kuna dada mmoja nilimpigia taa maeneo ya Kisongo, nikamnyanyulia mkono nikapita. Kucheki kwenye kioo naona kageuza, ananifuata, ananipiga full. Nikapaki pembeni. Akashusha kioo akaniuliza kaka samahani, kuna trafiki mbele au gari yangu ina shida? Nikamwambia hapana dada, nilikuwa nakusalimia, sisi wa Land Rover tunasalimiana. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka sana, akasema ndo maana watu wananinyanyulia mikono tangu nimenunua hii gari, nikawa nafikiri labda wananifananisha na mtu. Tukaongea pale karibu nusu saa, akaniuliza kama njia ya Ketumbeine inapitika kwa gari yake. Inapitika, ila sio masika na sio peke yake. Mvua zikikatika tunaenda gari mbili, yeye analeta chakula na mimi nabeba jeki ndefu, kamba na spana zote.