Jipu Ndani ya Ini

Kwa wiki mbili mjomba wangu alikuwa na homa iliyopanda kila jioni, akitetemeka hadi kitanda kikalia, pamoja na maumivu ya bega la kulia ambayo sote tuliyahusisha na mto aliolalia. Picha ya ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha jipu kwenye ini, na daktari alipopitisha mrija mwembamba katikati ya mbavu, ulitoka usaha mzito wa manjano wenye harufu iliyonifanya nigeuze uso.

Maabara ilipouotesha usaha huo, walipatikana streptokokasi wa kundi la anginosasi, bakteria wanaoishi vinywani na matumboni mwa watu wazima wa afya. Methali ya kikulacho ilinijia mara moja, ingawa naona inawaonea, kwani hawakubadilika tabia bali makazi. Damu itokayo utumbini hupita kwanza kwenye ini kwa mshipa wa portali, unaoliletea takriban robo tatu ya damu yake, na bakteria wachache wanaopenya humezwa na seli za Kupffer zilizokaa kwenye kuta za vijishipa vya ini. Jipu huanza pale walinzi hao wanapozidiwa, kwa mfano kijiwe kinapoziba njia ya nyongo au kidole tumbo kinapopasuka. Na bakteria wa kinywani nao huweza kufika kwa njia ya damu.

Mwenye kisukari ana sababu zaidi ya kujihadhari. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Taiwan wameeleza majipu yanayosababishwa na Klebsiella pneumoniae, mkazi mwingine wa utumbo, kwa watu, wengi wao wenye kisukari, ambao njia zao za nyongo hazina kasoro yoyote, na wakati mwingine bakteria hao husambaa hadi jichoni na kupofusha.

Mjomba alikaa na mrija siku kadhaa na kutumia antibiotiki kwa wiki 6. Kilichomkera ni kuambiwa apimwe utumbo mpana kwa kamera. "Ninaumwa ini, mwanangu, huko nyuma wanatafuta nini?" Walitafuta saratani, ambayo huweza kutoboa ukuta wa utumbo kimyakimya na kuwafungulia bakteria njia. Hawakuiona. Daktari akamwomba afungue kinywa, akaligonga gego moja la chini lililooza, na mjomba akaruka.