Kuswali Nyuma ya Asiyekubaliana Nawe

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu.

Wiki hii naomba tutafakari jambo ambalo huanzia safuni. Mtu kaingia msikitini asikojulikana, kasimama kuswali na mikono ameiachia ubavuni, wenzake wote wameifunga kifuani. Imamu anatoa salamu, na kabla mgeni hajamaliza tasbihi zake, aliye pembeni yake ameshamgeukia: "Wewe ni dhehebu gani?" Hajamuuliza jina lake, wala alikotoka, wala kama amepata pa kulala. Na jibu likishatoka, mara nyingi uso wa muulizaji hubadilika.

Tumuulize tena Mtume wetu (s.a.w.) kwa kurudi kwenye mwenendo wake. Mwaka wa 5 wa Hijra, vilipomalizika Vita vya Handaki, aliwaambia Maswahaba asiswali mmoja wao Alasiri ila kwa Banu Quraydha, kabila la Kiyahudi la Madina. Wakatoka. Njiani wakati wa swala ukawabana. Kundi moja likasema: alikusudia tufanye haraka, hakukusudia tuache swala ipite, wakaswali hapo hapo. Kundi la pili likasema: ametwambia kwa Banu Quraydha, basi ni kwa Banu Quraydha, wakachelewesha. Habari zikamfikia Mtume (s.a.w.), na katika riwaya ya Bukhari, hakumlaumu hata mmoja. Amri ilikuwa moja, wote waliisikia kwa masikio yao wenyewe, kutoka kinywani mwake, siku ile ile, na bado waliifahamu kwa namna mbili. Sisi ambao tumeipokea dini kupitia vizazi na vizazi tunashangaa nini tukikuta fahamu nne au nane?

Sasa tazama Mina, karibu na Makka. Mtume (s.a.w.), kisha Abubakar, kisha Umar (r.a.), wote walikuwa wakipunguza swala pale wakati wa Hija, wakiswali rakaa mbili. Uthman (r.a.) katika ukhalifa wake akaswali nne. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) hakukubaliana naye, akasema wazi kwamba yeye aliswali na Mtume (s.a.w.) rakaa mbili. Kisha ikaqimiwa swala, naye akaswali nne. Watu wakamwambia: umemkosoa Uthman, halafu umeswali nne? Akajibu kwamba khilafu, yaani kutofautiana, ni shari.

Tusiupite upesi msimamo huu. Ibn Mas'ud hakuficha rai yake kwa kumwogopa khalifa, wala hakujifanya tofauti haipo. Aliisema. Lakini ilipofika kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu pamoja na Waislamu, hakujitenga pembeni na kikundi chake cha rakaa mbili. Elimu yake ilibaki yake, na safu ikabaki moja.

Maimamu waliokuja baadaye walirithi tabia hiyo hiyo, na nasikitika kwamba wengi wetu tunawajua kwa majina tu kama bendera za timu. Abu Hanifa alifariki mwaka 150 H. Mwaka huo huo akazaliwa Shafi'i huko Gaza. Shafi'i akakua, akaenda Madina kusoma kwa Malik, kisha Iraki akakaa mbele ya Muhammad bin al-Hasan, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Abu Hanifa. Ahmad bin Hanbal naye akasoma kwa Shafi'i. Na Malik amepokea hadithi kutoka kwa Jaafar as-Sadiq, ambaye Mashia wanamhesabu kuwa imamu wao wa sita. Watu hawa walikaa kwenye mikeka ya wenzao. Shafi'i mwenyewe alipohamia Misri, alikofariki mwaka 204 H, alibadilisha rai zake nyingi hata wafuasi wake wakawa wanataja kauli yake ya zamani na kauli yake mpya. Leo ukimwambia mtu abadilishe rai moja, anaona umemvua dini.

Tena wanne hao hawakuwa peke yao. Walikuwepo al-Awza'i wa Shamu, Sufyan ath-Thawri wa Kufa, al-Layth bin Sa'd wa Misri. Shafi'i alisema kwamba al-Layth alikuwa na fiqhi kubwa kuliko Malik, ila wanafunzi wake hawakuisimamia elimu yake. Mimi neno hilo hunitia unyenyekevu kila ninapolikumbuka: dhehebu kubwa lingeweza kuwepo leo, nasi tungelipigania kwa jasho, na halipo kwa sababu tu wanafunzi hawakuandika na kufundisha vya kutosha.

Imepokewa kwamba khalifa wa Bani Abbas alitaka kuwalazimisha watu wote wafuate kitabu cha Malik, Muwatta. Mwandishi gani asingefurahi? Malik alikataa. Alisema kwamba Maswahaba wa Mtume (s.a.w.) walitawanyika katika miji, na kila watu wameshapokea elimu wakaifanyia kazi, basi waachwe na walicho nacho.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Abu Yusuf, kadhi mkuu na mwanafunzi wa Abu Hanifa. Kwa Mahanafi, damu ikitoka ikatiririka, udhu umevunjika. Kwa Malik haivunji udhu. Imepokewa kwamba Harun ar-Rashid alipigwa chuku, akatokwa damu, kisha akaswalisha bila kutawadha upya kwa kuwa Malik alikuwa amempa fatwa hiyo. Abu Yusuf alikuwa nyuma yake. Kwa mujibu wa fiqhi yake mwenyewe, imamu aliye mbele yake hana udhu. Akaswali nyuma yake, wala hakuirudia. Ahmad bin Hanbal naye alikuwa akiona udhu ni lazima kwa damu hiyo. Akaulizwa: imamu akitokwa na damu asitawadhe, utaswali nyuma yake? Akasema: vipi nisiswali nyuma ya Malik na Sa'id bin al-Musayyib? Wanazuoni hao wawili wa Madina hawakuona kwamba damu inavunja udhu.

Basi utengano huu wa baadaye uliingia vipi? Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alifika Makka mwaka 579 H, yaani 1183, akaandika alichokiona Msikiti Mtakatifu. Kila dhehebu katika yale manne lilikuwa na imamu wake na mahali pake kuizunguka Al-Kaaba, na Mazaidi, tawi la Mashia, nao walikuwa na imamu wao wa tano. Jamaa ziliswali kwa zamu, moja baada ya nyingine. Ila Magharibi. Wakati wa Magharibi ni mfupi, kwa hiyo maimamu wa Kisunni waliswalisha kwa pamoja. Wakabbiri, wale wanaorudia takbira za imamu ili watu wasikie, wanapaza sauti kutoka kila upande, na Ibn Jubayr anaeleza jinsi Mmaliki alivyoweza kurukuu kwa rukuu ya Mshafi'i au Mhanafi, na mwingine kutoa salamu kwa salamu ya imamu asiye wake. Kila mtu ametega sikio kuisaka sauti ya imamu wake, asije akasahau.

Hebu jiweke pale. Nyumba ya Mwenyezi Mungu iko mbele ya macho yako, kibla ambacho Waislamu wa dunia nzima wanakielekea, na badala ya kusikiliza Qur'ani unachambua sauti ili uijue ya kwenu. Hali hiyo iliendelea kwa karne nyingi. Ni katika miaka ya 1920, utawala wa Hijazi ulipobadilika, ndipo jamaa zile zilipounganishwa nyuma ya imamu mmoja.

Makka watu walichanganyikiwa tu. Rayy, mji mkubwa uliokuwa karibu na ilipo Tehran ya leo, walikufa. Yaqut al-Hamawi aliupitia mwaka 617 H (1220) akiwakimbia Watatari, yaani Wamongoli, akaukuta sehemu kubwa ni magofu. Akauliza sababu. Akaambiwa kwamba kwanza Mahanafi na Mashafi'i waliungana dhidi ya Mashia mpaka wakawamaliza. Walipokwisha, Mahanafi na Mashafi'i wakageukiana. Mtaa uliobaki umesimama ulikuwa wa Mashafi'i, nao ndio uliokuwa mdogo kuliko yote. Mhanafi au Mshia aliyesalia alikuwa ni yule aliyelificha dhehebu lake. Mimi nafuata fiqhi ya Imam Shafi'i na ninampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Sioni ushindi wowote katika mtaa ule.

Ndugu zangu, sitaki mdhani nasema tofauti zote ni za kufunga mikono na kuiachia. Baina ya Sunni, Shia na Ibadhi kuna khilafu ya uongozi baada ya kufa Mtume (s.a.w.) mwaka 11 H, kuna damu ya Siffin, vita baina ya Ali na Muawiya, mwaka 37 H, kuna Karbala, alikouawa Husein mjukuu wa Mtume, mwaka 61 H, na kuna masuala ya itikadi ambayo wanazuoni wa kila upande wanayachukulia kwa uzito, na wana haki. Kumwambia mtu ayafumbie macho ni kumdharau. Lakini kuna neno ambalo Mtume (s.a.w.) alilifanya zito kuliko ulimi: atakayemwambia ndugu yake "ewe kafiri", basi litarudi kwa mmoja wao. Na katika Bukhari, kutoka kwa Anas (r.a.), anayeswali swala yetu, akaelekea kibla chetu, akala kichinjwa chetu, huyo ndiye Muislamu mwenye dhamana ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Kwa msingi huo, Julai 2005, wanazuoni wapatao 200 kutoka nchi 50 walikutana Amman, Jordani, wakakubaliana kwamba anayefuata mojawapo ya madhehebu manane ni Muislamu na haifai kumkufurisha: Hanafi, Maliki, Shafi'i, Hanbali, Jaafari, Zaidi, Ibadhi na Dhahiri. Kabla yao, mwaka 1959, Sheikh Mahmud Shaltut wa al-Azhar alitoa fatwa kwamba yafaa kufanya ibada kwa fiqhi ya Jaafari. Waliotia saini waliendelea kutofautiana kama kawaida. Walichokizuia ni damu kuhalalishwa.

Najua kuna atakayenitajia hadithi ya makundi sabini na tatu. Ni hadithi mashuhuri, Abu Dawud na Tirmidhi wameipokea. Ila naomba tujichunguze namna tunavyoisoma. Nimeisikia ikisomwa mara nyingi kwa kidole kilichonyooshwa kwa wengine. Sijawahi kumsikia mtu akiisoma huku analia, akihofia huenda yeye ndiye yumo katika yale sabini na mbili.

Yunus as-Sadafi, mwanafunzi wa Shafi'i aliyeitwa pia Abu Musa, anasimulia kwamba alijadiliana na Shafi'i katika mas'ala, wakaachana bila kuafikiana. Walipokutana tena, Shafi'i akamshika mkono: "Ewe Abu Musa, je, haifai tukawa ndugu hata kama hatukuafikiana katika mas'ala?" Nawaomba wiki hii kila mmoja wetu amtafute Muislamu mmoja aliyemkwepa kwa sababu ya dhehebu lake, amtolee salamu kamili, na asimjadili.

Na usiku tukiamka, tuseme aliyokuwa akiyasema Mtume (s.a.w.) anapoifungua swala yake ya usiku, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Yeye ambaye wahyi ulikuwa ukimshukia alijiombea uongofu nafsi yake:

Ewe Allah, Mola wa Jibrili, Mikaili na Israfili, Muumba wa mbingu na ardhi, Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri. Wewe ndiye unayehukumu baina ya waja Wako katika yale waliyokuwa wakikhitilafiana. Niongoze kwenye haki katika yaliyokhitilafiwa, kwa idhini Yako. Hakika Wewe humwongoza umtakaye kwenye njia iliyonyooka.

Amin.