Nilivyochagua kibodi kwa sarafu za shilingi 200

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano ya watafiti, na saa moja ya sauti hunichukua saa nne za kuchapa, au zaidi pale wazungumzaji wanapokatizana. Mwaka jana kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto kilianza kuuma, maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko, na karibu kila niliyemweleza alinihimiza ninunue kimto cha kuegemeza mikono. Nilikinunua. Hakikunifaa hata kidogo, kwa kuwa mkono uliolazwa hausogei, vidole ndivyo vinavyolazimika kujinyoosha kufuata vitufe vya mbali.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini kinauma kidole hicho na si kingine. Jibu limo ndani ya lugha yetu yenyewe: andika "wanasaidiana" au "tutakapowapatia" na utakuwa umeigonga A mara tano katika neno moja. Ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, lakini mpangilio wa vitufe uitwao QWERTY, ulio kwenye kibodi nyingi na uliobuniwa Marekani katika karne ya 19, umeiweka chini ya kidole hicho dhaifu.

Huko Kariakoo muuzaji mmoja alinishawishi kuchukua kibodi ya wacheza gemu yenye swichi za buluu (swichi ni kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe, na rangi huonyesha aina yake), kwa bei ya laki moja na kitu. Ilipendeza machoni, na kila kitufe kilitoa mlio mkali. Usiku wa kwanza nilikuwa nikinukuu maneno ya bibi mmoja aliyezungumza kwa sauti ya chini mno, na mlio ule ukapenya hedifoni na kuyafunika maneno yake, nikawa narudisha sauti nyuma sentensi baada ya sentensi hadi alfajiri. Tena vitufe vyenyewe vilikuwa vizito. Niliiuza kwa hasara ndani ya wiki mbili, na hadi leo nakasirika nikisikia mtu akimpendekezea mnukuzi kibodi ya namna hiyo.

Safari ya pili nilikwenda na kompyuta yangu, kipande cha kifutio na sarafu za shilingi 200. Nilikiweka kifutio juu ya kitufe cha A, ili sarafu zisiegemee vitufe vya jirani, kisha nikapanga sarafu mojamoja hadi herufi ilipojitokeza kwenye skrini. Kibodi yangu ya zamani ilikuwa imehitaji sarafu tisa. Nilizipima kibodi nne pale dukani, muuzaji akinitazama kwa subira kubwa, na ile yenye swichi nyekundu, ambazo kwa kawaida huhitaji uzito wa takriban gramu 45 ili kubonyea, iliridhika na sarafu sita, bila mlio wa kukera. Nikaichukua hiyohiyo. Haina sehemu ya tarakimu upande wa kulia, kwa hiyo kipanya kimesogea karibu, na bega halivutwi tena.

Miguu ya nyuma ya kibodi sikuinyanyua, kwa maana huukunja mkono kuelekea juu. Vilevile nimeiagiza programu ya kuandikia iandike "kwa sababu" kila ninapochapa "ksb", na vifupisho vingine kama thelathini hivi, vyote vya maneno yenye A nyingi. Maumivu yalipungua polepole, na kufikia wiki ya sita niliweza kumaliza mahojiano ya saa mbili bila kukikanda kidole.