Springi iliyotoka kikombeni

Gari langu ni Land Rover 110 ya mwaka 1994, nyeupe, ya kazi. Mimi ni daktari wa mifugo, na mzigo ninaoujali kuliko mingine ni sanduku la barafu lenye chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Chanjo hiyo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 mpaka nifike bomani. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Selela hadi Engaruka ina makorongo mengi, na kila masika yakipita korongo ulilolijua linakuwa na sura nyingine.

Mwaka jana nilifunga shokomzoba ndefu zaidi nyuma, nikitaka gurudumu lifuate shimo badala ya kuning'inia. Safari ya kwanza tu, kwenye korongo moja baada ya Selela, gurudumu la nyuma kushoto lilizama huku la kulia likipanda jiwe. Nikasikia mlio mmoja mzito, kama mtu amegonga chasisi kwa nyundo. Nilipotoka ng'ambo gari lilikuwa limeinamia upande mmoja. Nikaingia chini na tochi. Springi ilikuwa imetoka kwenye kikombe chake cha juu, yaani kitako cha chuma kilicho kwenye chasisi ambamo ncha yake ya juu hukaa, na iliporudi ikakaa nusu ndani, nusu juu ya ukingo. Vijana wawili waliokuwa wakichunga walinisaidia kwa mawe na jeki, na tulimaliza baada ya saa mbili. Katika saa hizo mbili sikuacha kuangalia kipimajoto cha sanduku. Chanjo ilisalimika.

Kosa lilikuwa langu na nililielewa siku ileile. Springi za bapa za Land Rover za zamani zimefungwa ncha zote mbili, haziwezi kutoka. Hii 110, au One Ten, ilipoingia sokoni mwaka 1983 ilikuja na springi za koili, zile za chuma kilichozungushwa. Ile ya nyuma imeshikwa chini tu, kwenye ekseli, kwa bamba dogo na bolti mbili. Juu imekaa tu kikombeni, ikikandamizwa na uzito wa gari. Kinachozuia ekseli isishuke kupita urefu wa springi ni shokomzoba yenyewe. Nilipoweka ndefu niliondoa kizuizi hicho, na sikuweka kingine.

Ningeweza kurudisha shokomzoba za awali, au kufunga mkanda wa kuishika ekseli isishuke mno. Nilichagua kuiacha springi itoke, mradi ipate njia ya kurudi. Chuma chenye umbo la pia ya kuchezea watoto, nami nakiita pia, kinafungwa kwenye kikombe cha juu, ncha ikitazama chini ndani ya koili, na springi ikipanda inateleza juu yake mpaka nyumbani. Vya dukani vipo, vinaagizwa nje. Nilitaka cha kwangu, kilichopimwa kwenye gari langu.

Fundi wangu yuko Unga Limited, Arusha. Namwita Mjomba, maana alimtengenezea baba yangu magari kabla sijazaliwa. Nilimwamkia, nikamwonyesha mchoro nilioutia nyuma ya kalenda. Akauangalia muda mrefu.

"Daktari, umepima, au umekisia?"

Nilikuwa nimekisia. Akaniambia hatashika grenda mpaka nipime.

Tukaweka chasisi juu ya stendi, tukatoa springi zote mbili za nyuma, tukaiacha ekseli ishuke mpaka mwisho wa shokomzoba. Kutoka kikombe cha chini hadi cha juu nikapata milimita 480. Springi yenyewe, ikiwa imelala sakafuni bila mzigo, ilikuwa milimita 415. Pengo la 65. Kwa hiyo pia iliyo fupi kuliko 65 haina faida, kwa sababu springi ingeipita ncha yake na kupotea kabisa. Kisha tukapandisha ekseli kwa jeki mpaka ile raba nene inayozuia ekseli isigonge chasisi iguse, ili nijue nafasi inayobaki gari likigonga chini kabisa. Chuma cha pia kikiwa kirefu mno kingetoboa ekseli. Kati ya mipaka hiyo miwili nilichagua 120, kwa sababu ekseli ikiinama springi haipandi wima. Inaegemea nje, upande wa tairi, na inahitaji kukamatwa mapema.

Siku hiyohiyo, ekseli ikiwa chini, Mjomba alinishika mkono akauweka kwenye paipu ya breki. Ilikuwa imekaza kama uzi wa gitaa. Hilo lilinitisha kuliko springi. Tuliweka ndefu zaidi kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na ninaomba kila anayebadilisha shokomzoba aangalie hapo kwanza.

Pia yenyewe ilitokana na kipande cha bomba la maji la inchi 4, ambalo kwa nje lina milimita 114. Kilipatikana kwa wauza vyuma chakavu. Liliingia ndani ya springi zangu na kuacha nafasi ndogo pande zote. Mjomba alikata pembetatu sita kwenye nusu ya chini, akazikunja ndani zile ndimi zilizobaki hadi zikakutana, akachomelea mishono na kuisaga mpaka kidole hakikukwaruzika. Upande wa juu akachomelea bamba la milimita 6. Alitaka kulichomelea bamba hilo moja kwa moja kwenye chasisi. Nikamwomba tutumie bolti. Chasisi ya gari hili imeshakula kutu ya kutosha, na kitu nilichobuni mwenyewe nataka niweze kukitoa na kukikagua.

Lazima niseme jambo moja kwa uwazi. Springi ikiwa imeachia, gurudumu hilo halina uzito wa gari juu yake, ila wa ekseli tu, na halivuti kitu cha maana. Hiki chuma hakikuongezea gari nguvu. Ninavuka polepole kama zamani.

Nilirudi korongo lilelile mwezi wa sita, sanduku likiwa nyuma. Gurudumu likazama. Nikasikia "tok" ndogo, kisha gari likakaa sawa. Nilisimama ng'ambo nikaingia chini: springi ilikuwa ndani ya kikombe, mzima wake.

Wiki iliyopita nilizifungua zile pia kuzikagua. Rangi imechubuka upande mmoja tu, pale ambapo springi inagusa, na mshono mmoja umeanza kung'aa. Mjomba anasema toleo lijalo tuipindishe ncha kidogo kuelekea tairi. Nimeshachora, safari hii nilipima kwanza.