Siku Nilipodaka Mpira Bila Ishara

Mwezi Oktoba mwaka 2014, nikiwa katika mwaka wangu wa kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Ohio mjini Athens, mzee mmoja aliyekuwa akihudhuria darasa langu alinichukua kwa gari lake hadi Steubenville, mji ulio ukingoni mwa Mto Ohio, ili anionyeshe kaburi la mtu ambaye hadi juma lile sikuwahi kulisikia jina lake. Safari ile ilianzia katika somo la sarufi. Nilikuwa nikieleza jinsi kitenzi kinavyozaa jina la mtendaji, nikaandika ubaoni mpikaji, msomaji na mdakaji, na nilipofika kwenye hilo la mwisho mzee aliinua mkono akauliza kama mtu anayekaa nyuma ya mpigaji katika besiboli angeweza kuitwa hivyo. Nilimjibu kwamba angeweza. Aliliandika daftarini, akalipigia mstari, na baada ya kipindi akabaki darasani kunieleza habari za Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa timu ya mji wa Toledo, Ohio.

Mzee huyo, Mmarekani mweusi aliyestaafu kazi ya kiwanda cha chuma, alikuwa amekulia katika bonde lile, na tulipoifuata barabara nambari 7 kuelekea kaskazini, mto ukiwa upande wetu wa kulia na majani ya miti yakiwa yamegeuka rangi, alisimulia bila kukatisha. Mimi nilijua mpira wa miguu kama kila aliyekulia Songea, na shuleni nilicheza mpira wa pete nikiwa mlinzi wa goli, lakini besiboli nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu, tena bila kuielewa. Kwa hiyo alianza na jambo ambalo aliona lazima nilifahamu kwanza: mrushaji na mdakaji hufanya kazi kama watu wawili wenye siri moja. Mdakaji huchuchumaa, huonyesha vidole chini, na kwa ishara hiyo mrushaji hujua kama atume mpira wa kasi au mpira wa kupinda, na mdakaji naye hujua mikono yake iusubiri wapi. Nilielewa mara moja, kwa sababu katika mpira wa pete pia pasi huanzia machoni kabla haijatoka mkononi.

Timu ya Toledo Blue Stockings ilicheza katika ligi kuu kwa msimu mmoja tu, ule wa 1884, katika ligi iliyoitwa American Association. Mwaka uliotangulia ilikuwa bingwa wa ligi ndogo, na ilipopandishwa ilishinda mechi 46 na kushindwa 58, kisha ligi ilipopunguza idadi ya timu kwa ajili ya mwaka 1885, Toledo ikawa miongoni mwa zilizoachwa nje. Mdakaji wake alikuwa Moses Fleetwood Walker, mtoto wa daktari, aliyezaliwa mwaka 1856 huko Mount Pleasant, si mbali na tulikokuwa tukienda, na aliyesoma katika Chuo cha Oberlin na Chuo Kikuu cha Michigan. Tarehe 1 Mei 1884, mjini Louisville, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, naye akijulikana wazi kwamba ni mtu mweusi. Jackie Robinson, ambaye dunia nzima inamtaja kama mweusi aliyefungua mlango wa ligi kuu, alikuja miaka 63 baadaye. Baada ya muda, mdogo wake aitwaye Welday naye alivaa sare ya Toledo kwa mechi 5.

Siku zile wadakaji hawakuwa na kinga kama za leo. Walker mara nyingi alidaka kwa mikono mitupu, mpira mgumu uliofunikwa kwa ngozi ukimfikia kwa nguvu zote za mrushaji. Mwezi Agosti mwaka 1883, timu ya Chicago ilipofika Toledo, nahodha wake Cap Anson alitangaza kwamba hatacheza uwanja mmoja na mtu mweusi. Mzee alipunguza mwendo wa gari aliposimulia hapo. Kocha wa Toledo, Charlie Morton, alikuwa amekusudia kumpumzisha Walker siku hiyo kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeumia, lakini aliposikia maneno ya Anson alimpanga uwanjani, akawaambia watu wa Chicago kwamba wakigoma kucheza watakosa mgawo wao wa fedha za viingilio. Anson alicheza. Kitendo cha Morton nimekiheshimu tangu siku hiyo, ingawa sisahau kwamba mikono iliyolipa ilikuwa ya Walker.

Tulifika makaburini karibu na saa sita mchana. Nilitazamia mnara, lakini nilikuta jiwe la kawaida kwenye majani, na mzee akanieleza kwamba Walker, aliyefariki mwaka 1924, alilala hapo zaidi ya miaka 60 bila hata jiwe hilo, mpaka wanamichezo waliosoma Oberlin walipomwekea. Welday naye amezikwa katika makaburi hayohayo. Tulisimama kimya kwa muda, kisha mzee akanisimulia habari ya Tony Mullane, na hiyo ndiyo habari iliyonifanya niiandike siku hii.

Mullane, mzaliwa wa Ireland, alikuwa mrushaji mkuu wa Toledo, na katika zile mechi 46 ambazo timu ilishinda, 36 zilihesabiwa kwa jina lake. Mwaka 1919, akiwa mzee, alikiri gazetini kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, lakini kwa kuwa yeye hakuwapenda watu weusi, alikuwa akirusha chochote alichotaka bila kuitazama ishara. Siku moja Walker alimwonyesha ishara ya mpira wa kupinda, yeye akatuma wa kasi. Walker alimfuata akamwambia kwamba yuko tayari kumdakia bila ishara yoyote, ila hatamdakia iwapo atatoa ishara kisha ageukwe. Na kwa maneno ya Mullane mwenyewe, kuanzia hapo msimu wote uliobaki Walker alidaka kila alichorushiwa bila kujua kinachokuja.

Nilimwomba mzee arudie, kwa sababu nilidhani Kiingereza chake kimenipita. Alirudia polepole, neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimewahi kutopasiwa mpira na mwenzangu tuliyekosana naye, nikalia usiku kucha bwenini, na huyu alichuchumaa mwezi baada ya mwezi mbele ya mtu wa timu yake aliyekubali kumvunja vidole. Mwezi Julai mpira ulimpiga mbavuni, na mwezi Septemba Toledo wakamwachilia, akiwa amecheza mechi 42. Katika timu hiyohiyo alikuwapo kijana mzungu aliyedaka pia, Deacon McGuire, naye akacheza ligi kuu katika misimu 26. Mwaka 1887 wakuu wa ligi ndogo ya International League, alikokuwa akicheza Walker wakati huo, walipiga kura ya kutosajili tena wachezaji weusi, na baada ya mwaka 1889 hakucheza tena.

Mzee alitaja pia kijitabu ambacho Walker alikichapisha mwaka 1908 akiwahimiza watu weusi wa Marekani wahamie Afrika, kwa kuwa alikuwa ameikatia tamaa nchi ile. Niliposikia mwaka huo moyo wangu ulienda nyumbani. Mwezi Februari mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga machifu na wapiganaji wa Kingoni papo hapo Songea, wakawafukia katika kaburi la halaiki, na mimi nimelipita kaburi hilo tangu utotoni. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu kabla ya Walker kuandika kwamba usalama uko kwetu. Nilimweleza mzee hayo yote, pamoja na njaa iliyofuata. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia yake, akaishika kifuani, naye hakuivaa tena mpaka tulipotoka makaburini.

Nje ya lango, kwenye kiwanja cha majani, alitoa mpira wa besiboli kwenye buti la gari. Nilimwomba mwenyewe anirushie. Alikataa mara mbili, akisema mikono mitupu si ya mchezo huu, kisha akakubali kwa sharti kwamba atarusha taratibu. Mitatu ya kwanza aliionyesha kwa kidole kabla ya kurusha, nami niliidaka yote, viganja vikiwaka moto. Nikamwambia sasa arushe bila kuonyesha. Wa kwanza ulinipita. Wa pili ulishuka ghafla, nao ukanigonga kwenye ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, nikapiga magoti. Alikuja mbio akiomba radhi, akitaka tuache, lakini niliomba mmoja zaidi, nikaudaka, nikaushikilia tumboni kwa mikono yote miwili.

Kidole kilikuwa kimevimba tulipofika Marietta, na hadi Jumatatu hakikuweza kukunjwa. Darasani sikuweza kushika chaki. Mzee aliinuka kwenye kiti chake bila kuambiwa, akaenda ubaoni, akawa ananiandikia, polepole na kwa herufi kubwa, kila neno nililolitaja.