Boksi la senti 2,500 na jicho linalojifunza kusoma sarafu

Jumamosi nimemaliza kupekua boksi zima la senti moja moja za Marekani. Roli 50, kila roli sarafu 50, jumla 2,500, na zote ukizihesabu ni dola 25 tu. Nilikaa mezani toka mchana mpaka usiku, vidole vikawa vyeusi kama nimeshika masizi, shingo inauma, na bado nilipofika roli ya mwisho nikatamani kungekua na nyingine. Kuna watu wananiuliza hivi we huwa unatafuta nini humo, kwahiyo leo ngoja nieleze vizuri.

Hapa Marekani benki wanakupa sarafu zikiwa zimefungwa kwenye roli za karatasi. Senti moja zinakaa 50, senti tano zinakaa 40, senti kumi 50, robo dola 40, nusu dola 20. Unanunua kwa thamani ileile iliyoandikwa, unafungua, unapekua moja baada ya nyingine, za maana unabaki nazo na zilizobaki unarudisha. Pesa yako haipotei hata senti, kinachoenda ni muda na macho.

Kwa anayeanza nasemaga anza na ukingo. Senti kumi, robo na nusu dola za mwaka 1964 kurudi nyuma zina madini ya fedha (silver) asilimia 90, afu toka 1965 wakabadilisha wakaweka shaba katikati na mchanganyiko wa shaba na nikeli juu na chini, ndo maana ukizipanga wima kama vitabu unaona kile kimstari cha rangi ya shaba pembeni. Sasa ukiona moja katikati ya safu ukingo wake ni mweupe mtupu, simamisha kila kitu. Idondoshe taratibu mezani uisikilize, ya fedha inalia mlio mwembamba unaovuta, hizi za kawaida zinagonga tu zinanyamaza. Nusu dola nazo za 1965 mpaka 1970 zina fedha asilimia 40, hizo ukingo unaweza kukudanganya kwahiyo soma mwaka.

Senti tano huwezi kutumia ukingo, kule unaangalia mgongo, yaani upande usio na kichwa cha mtu. Wakati wa vita kuu ya pili nikeli ilikua inahitajika vitani, wakaanza kuchanganya shaba, manganizi na fedha asilimia 35, kuanzia 1942 mpaka 1945, na ili waje wazitofautishe baadaye wakaweka alama kubwa ya kiwanda, yaani herufi ya mahali ilipogongwa, juu ya kuba la Monticello, ile nyumba ya rais Jefferson iliyochorwa mgongoni. Yangu ya kwanza ilikua ya 1943, nimeigeuza nikakuta P kubwa, ya Philadelphia, imekaa juu ya paa, na rangi yake sio ile ya kung'aa, ni kijivu cheusi kama majivu yaliyolowana, maana ule mchanganyiko ukizeeka ndo unakuaga hivyo. Pembeni yake zote 39 zinang'aa yenyewe imekaa pale kama mzee kwenye daladala ya wanafunzi. Niliishika muda mrefu sana ile.

Lakini moyo wangu uko kwenye makosa ya kiwanda, na hapo ndo nataka kukaa kidogo manake ndo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea karibu mwaka mzima.

Kuna kitu kinaitwa chapa iliyojirudia. Ule muhuri wa chuma unaogonga sarafu nao hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, na zamani ulikua unakandamizwa zaidi ya mara moja, sasa ikitokea mara ya pili haujakaa palepale umezunguka kidogo tu, herufi zinaingia mara mbili kwenye muhuri, na kila sarafu itakayogongwa na muhuri huo inatoka na kosa lilelile. Maarufu kuliko zote ni senti ya 1955, ile tarehe unaiona mbilimbili bila lenzi. Zipo pia za 1972, na 1969 yenye alama ya S, ya kiwanda cha San Francisco, ambayo ni adimu kweli kweli, na ya 1983 iliyojirudia mgongoni, na ya 1984 iliyojirudia sikio la Lincoln, yule rais aliye kwenye senti.

Tatizo ni kwamba kuna pacha wake wa uongo. Mashine ikiwa na ulegevu, ule muhuri unatikisika kidogo wakati sarafu inagongwa na kusukuma chuma pembeni, na ukiangalia unaona kama herufi zimejirudia. Hizo ziko kibao, hazina thamani ya ziada, na watu wanauziana mtandaoni kwa bei za kutisha, inaniuma sana nikiona mtu anayeanza kalipa pesa yake kwa kitu hicho. Mimi mwenyewe niliweka pembeni sarafu kama 30 kwenye bahasha nikiamini nina hazina, siku nimezipitia upya na lenzi ya mara 10 chini ya taa nzuri nikakuta zote ni mtikisiko wa mashine.

Tofauti iko hivi. Ya uongo ile sehemu iliyojirudia ni bapa, iko chini, kama ngazi iliyokanyagwa, na inakula herufi yenyewe mpaka herufi inakonda. Ya kweli inanenepesha herufi, kila umbo limetuna lina mgongo wake, na kwenye ncha za herufi unaona kabisa mgawanyiko, kama ulimi wa nyoka. Ukishaiona ya kweli mara moja kwa macho yako hutachanganya tena, ila kabla hujaiona hakuna maelezo yanayotosha, ndo maana nawaambia watu fungueni senti, ni rahisi, boksi ni dola 25, mnajifunza kwa sarafu nyingi kwa pesa ndogo.

Mengine nitapita haraka. Kuna zilizogongwa zikiwa hazijakaa katikati, zilizokatwa kipande kama zimeng'atwa, zile ambazo muhuri ulivunjika kwenye ukingo zikatoka na uvimbe laini usio na maandishi. Na kama huna subira ya lenzi tafuta robo dola za 2019 na 2020 zenye herufi W chini ya maandishi ya upande wa kulia wa kichwa, ni za kiwanda cha West Point, walitoa milioni 2 tu kwa kila muundo na wakazimwaga mtaani moja kwa moja.

Jambo moja naomba sana, usisafishe sarafu. Niliwahi kupata senti ya ngano, zile za zamani zenye masuke mawili ya ngano mgongoni, ya 1919, nzuri, kahawia iliyokolea, nikaisugua kwa dawa ya meno ing'ae. Iling'aa kweli, rangi ya pinki ya ajabu na mikwaruzo midogo midogo kila mahali, na ile ngozi ya miaka karibu mia hairudi. Bado ninayo kwenye droo, siwezi kuiangalia vizuri.

Na keshia wa benki muheshimu, omba kwa upole, usiende saa ya foleni, muulize kama kuna roli ambazo wateja wamefunga wenyewe kwa mkono manake hizo mara nyingi zimetoka kwenye makopo ya babu na bibi za watu. Ukirudisha, peleka benki nyingine, la sivyo utajikuta unanunua zilezile ulizopekua jana.

Turudi kwenye boksi la Jumamosi. Senti za ngano nilipata 7, ya zamani zaidi 1937. Roli ya 41, nimeshachoka nageuza tu, imekuja ya 1995 bado ina wekundu wake, na kabla sijashika lenzi nikaona neno LIBERTY limekaa vibaya, limenenepa. Nikaisogeza kwenye taa. Kila herufi ina mwenzake nyuma yake, imetuna, zimegawanyika kwenye ncha, na IN GOD hivyohivyo. Hiyo ni chapa iliyojirudia ya 1995, ya kweli. Sio ya kumfanya mtu tajiri, ila miaka yote hiyo imepita mikononi mwa watu, imelipia vitu, imelala kwenye makopo, hakuna aliyeisoma.

Novemba 12, 2025 kiwanda cha Philadelphia kiligonga senti za mwisho za kutumika mtaani, kwahiyo zilizopo ndo hizo hizo. Nimeshaagiza maboksi mawili mengine, keshia kasema nipitie Alhamisi.